Viwanja vya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na komeo milangoni na sala kabla ya kula, Ngiri aliishi shimoni, bondeni kando ya mto, na mkewe na watoto saba.

Siku moja jirani yao mdogo, Pimbi, akawaambia wenzake barazani, "Jamani, siafu wanahama. Mto utafurika! Kila nyumba ipeleke chakula na maji mlimani, na watoto waijue njia."

"Kha! Kha! Kha!" Ngiri alicheka mpaka machozi.

Nyati akafoka, "We kidudu! Unataka tuhame utuibie!"

Pimbi akajiendea zake. Kesho yake Ngiri akamwona anapanda mlima na kikapu cha majivu. Huyu ana jambo! Akamfuata, nyatunyatu. Akamkuta anachora mistari myeupe miambani.

"Unafanya nini, Bi Pimbi?"

"Aa! Hakuna kitu, Bwana Ngiri. Tafadhali, usimwambie mtu."

"Unajigawia viwanja!"

"Shh! Vimebaki vichache. Anayetaka aweke chakula na maji, na wanawe wakae kiwanjani. Akiondoka, nafuta mstari."

Ngiri akateremka, pu! pu! pu! "Mama watoto! Funga mtama, jaza mtungi! Tunadhulumiwa!"

Aliapa hamwambii mtu. Akamwambia Nyati. Nyati akawaambia wote.

Mlima ukajaa. Kila mmoja alimkodolea jirani yake macho.

"Nyati, toa kwato kwangu!"

"Kwato gani? Mbona mkia wako umevuka mpaka?"

Hakuna aliyethubutu kushuka. Siku ya tatu, mchana, mvua ikapiga, na mto ukaja, guuuu! Ngiri akaona maji ya tope yakimezwa na shimo lake, pale walipokuwa wakilala wanawe. Akawahesabu. Saba. Akawahesabu tena.

"Bi Pimbi… na viwanja?"

"Viwanja gani? Majivu tu hayo. Nilipowaonya mlicheka. Nilipojifanya naficha, mkaja mbio wenyewe, na vyakula mkabeba!"

Nyati akatazama pembeni. Ngiri akapiga magoti kwenye tope.

"Mungu anisamehe. Nilikudhania mwizi, kumbe mwenye tamaa ni mimi. Hata hawa watoto sikuwaleta kwa akili yangu."

"Haya, inuka, ufungue mtama. Wana njaa."

Basi wanangu, jiandaeni kwa maafa kungali kukavu, msingoje mpaka mdanganywe ndipo mjiokoe.