Masale ya Mpakani kwa Mae Ndeonasia

Mng'oa sale huomba jani.

Jana mlimsikia shangazi Mkunde akimtupia Godlisten maneno hayo, wakati Godlisten anasukuma baiskeli yenye pancha kwenda kwa fundi yule yule ambaye yeye Godlisten alimtukana juzi mbele ya watu. Mkacheka kwa sababu shangazi alicheka. Nilipowauliza mnacheka nini, mkatazamana kama kuku waliosikia redio. Haya, babu amesinzia, kofia iko puani, kwa hiyo mzee wa leo ni mimi. Sogeeni. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa zamani. Imezaliwa hapa hapa mgombani, mwaka ule Anaeli aliporudi kutoka Kanada, na mwanzo wake ni huu.

Anaeli ninyi mnamjua kwa picha tu, ile ya ukutani kwa Mae Ndeonasia, amevaa koti nene kama godoro. Aliondoka na mkewe Eliaichi na binti yao Manka akiwa bado anabebwa mgongoni. Akakaa huko miaka kumi na mitatu. Si kwamba alisahau kwao. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na kila mwaka alisema Krismasi ijayo tunakuja. Mara wakapata mtoto wa pili, mara karatasi za ukaazi hazijatoka, mara kazi. Hatimaye wakaja kweli, wote wanne, wiki tatu za Desemba, tiketi ya kurudi tarehe nne Januari.

Mama yake, Mae Ndeonasia, alikuwa akiishi peke yake tangu mumewe afariki. Peke yake kwa kusema tu. Upande wa pili wa mpaka aliishi Meku Ndelekwa, mzee mjane mwenye ng'ombe mmoja wa bandani. Kati ya vihamba vyao viwili, mashamba yao ya migomba ya nyumbani, palikuwa na mstari wa masale, na kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye migomba, Meku alisimama pale na chupa ya maziwa akaita:

"Mae, umeamka?"

"Nimeamka, Meku. Na wewe?"

"Bado nimo kwenye orodha ya walio hai."

Maziwa yakapita kati ya majani kuja huku, maganda ya ndizi ya ng'ombe yakapita kwenda kule, kila mtu akaenda zake. Ilikuwa hivyo kila siku. Siku Mae asingeitikia, mtu angejua kabla ya saa moja.

Sasa masale mnayapita kila siku, ndiyo maana hamyaoni. Ni ile mimea yenye shina jembamba na majani marefu, inayopandwa kuonyesha kihamba cha huyu kimeishia wapi na cha yule kimeanzia wapi. Lakini kazi yake kubwa si mpaka. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Hawezi kulikataa. Akilipokea, yamekwisha. Na huku kwetu jani hilo hukatwa kihambani kwako mwenyewe, maana ndicho kinachokuombea.

Yale ya kwa Mae yalikuwa na habari yake. Baba yake Anaeli na Meku Ndelekwa waligombana ujanani kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji, wakanuniana miaka sita. Walipopatana, kila mmoja alileta mashina kutoka kwake, wakayapanda pamoja siku moja, shina la huyu, shina la yule, hadi chini kwenye mfereji wenyewe. Anaeli aliisikia habari hiyo akiwa mdogo, akaiweka pale ninyi mnapoweka hesabu za sehemu.

Basi alipofika akamwona mama yake amepungua, magoti yanalia, macho yana ukungu. Akaiona nyumba haina geti, haina uzio wa maana, mtu yeyote anaingia na kutoka. Huko anakoishi yeye mlango hujifunga wenyewe. Akawa anazunguka uwanjani na mikono kiunoni. Siku ya sita akamwambia Eliaichi, "Mpeleke mama mjini akapimwe macho, mlale kwa dada yako siku mbili, na watoto waende. Nataka akirudi akute kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa ukuta wa matofali. Gari lilipoishia tu kwenye kona, Anaeli akaita vibarua watatu. Kufikia saa nne masale yote yalikuwa yamelala barabarani kama kuni. Kufikia jioni mtaro wa msingi ulikuwa umechimbwa, umenyooka kama rula. Na msidhani alikuwa mnyang'anyi. Alipima kwa futi kamba, akausogeza mtaro nusu hatua kuja kwake, ili Meku aongezewe ardhi.

Meku Ndelekwa alitoka bandani akasimama akitazama.

"Anaeli, mama yako anajua?"

"Ni zawadi, Meku. Sitaki ajue."

"Na mimi ningejua lini?"

"Si unaona sasa? Tena umepata nusu hatua."

Meku akatazama ile nusu hatua, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mae aliporudi, alishuka garini akiwa na miwani mipya. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya miaka mingi kilikuwa shimo. Akakaa kwenye kigoda na kitambaa chake cha kutokea bado kichwani.

"Haya masale," akauliza, "yalikukosea nini?"

Anaeli akaeleza mambo ya ukuta, geti, kengele ya umeme. Alieleza vizuri sana. Mae akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeita. Mae alikuwa amekaa dirishani na sufuria tupu mapajani. Asubuhi ya pili, kimya. Ya tatu, Eliaichi akakorogea watoto maziwa ya unga, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Usiku huo alimwambia mumewe:

"Baba Manka, zimebaki siku tisa. Tukiondoka hivi, nani atajua kama mama ameamka?"

"Geti litakuwa na kengele."

"Kengele hulia mtu akibonyeza. Nani atabonyeza?"

Kulipokucha Anaeli akavaa shati la mikono mirefu, akachukua boksi la chokoleti, akazunguka kwa njia ya barabarani hadi kwa Meku. Meku akampa kiti. Wakazungumza juu ya mvua, bei ya kahawa, mchungaji mpya. Kila Anaeli alipofika kwenye samahani, Meku alisema, "Ah, hayo tuyaache," akarudi kwenye mvua. Mwisho akamshukuru kwa chokoleti na kumsindikiza hadi njiani, adabu tupu. Mtu akikufanyia adabu namna hiyo huku kwetu, jua bado umo matatani.

"Ulikwenda na nini?" Mae akamuuliza.

"Na chokoleti."

"Kwa kosa lile? Kakate sale, mwanangu."

Anaeli akachukua kisu, akatoka kwa haraka ya mtu aliyepata dawa. Akafika mpakani. Akasimama. Akatazama mtaro kushoto, akautazama kulia. Akaenda barabarani kwenye lile rundo, hakukuta hata jani kavu. Akampigia kibarua, kibarua akasema hajui, labda wenye ng'ombe wamebeba.

Mchana akaendesha gari hadi mjini. Akarudi na sale moja, limepandwa kwenye chungu cha rangi, limefungwa utepe mwekundu. Siku hizi wanayauza kwa ajili ya mahoteli.

Mae alilizunguka kama mtu anayekagua mbuzi.

"Hili umemkosea nani, mwenye duka?"

"Mama, sale ni sale."

"Jani la kihamba chetu linasema: sisi tumekosa. Hilo la utepe litasemaje? Litasema karibuni hotelini." Akaketi. "Ya kwetu yapo. Niliyaona jana kwa miwani yako hii. Meku aliyaokota yote barabarani, ameyachomeka ardhini nyuma ya banda la ng'ombe."

Anaeli akakiweka chungu chake pembeni ya mlango. Kwenda kwa mtu kuomba radhi ni kazi. Kwenda kwa mtu huyo huyo kumwomba kitu cha kumwombea radhi, hiyo ni kazi mbili. Lakini siku zilikuwa nane. Kulipokucha akaenda.

Meku alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Leo mikono mitupu? Zile tamu zimekwisha?"

"Nimekuja kuomba jani."

"La nini? Ng'ombe wako si yuko Kanada?"

"Jani la sale."

Panga likasimama. "Kwani kuna mtu umemkosea?"

"Yupo."

"Namjua?"

"Ni wewe, Meku."

"Ngoja nielewe, mimi sikusoma sana. Nikate jani, nikupe wewe, ulifunge fundo, unipe mimi. Halafu mimi nikusamehe."

"Ndiyo, Meku."

"Huko Kanada mnafundishwa mambo."

Anaeli akajaribu kujitetea kidogo, kama ninyi mkikutwa na sukari mdomoni. "Meku, sikukunyang'anya. Nilikuongezea nusu hatua."

"Nani alikuomba ardhi? Mimi na baba yako hatukugombania ardhi, tuligombania maji. Miaka sita tulipishana kwenye njia hii hii kama nguzo. Siku tuliyopanda masale ndiyo tulianza kusemezana. Umeyang'oa asubuhi moja, bila hata kunigongea." Akaweka panga chini. "Ulisema unataka mama yako awe salama. Ukuta ulikuwa kati yake na nani? Upande wa pili nilikuwapo mimi tu."

Anaeli akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amelipima kwa futi kamba.

"Nilikosa, Meku. Nina siku nane tu. Ukiniadhibu mimi, sawa, ni haki. Lakini mama usiache kumwita."

"Nimeacha kuita. Sijaacha kuja," Meku akasema. "Kila asubuhi nasimama kwenye ule mtaro wako, nasikiliza kikohozi. Akikohoa, narudi. Ila sauti haitoki. Nimwite mtu akiwa ng'ambo ya shimo refu vile, kama naita kaburini?"

Hapo Anaeli akalia. Msicheke, hata ninyi mngelia. Meku alimwacha amalize, akimpa ng'ombe mgomba vipande viwili viwili.

"Jani sikupi," akasema baadaye. "Likikatwa hapa ni la kihamba changu, na mimi sijakosa. Chukua mashina. Shimo umeshachimba mwenyewe, afadhali lifanye kazi."

Walipanda siku nzima. Kwanza waliupanua mtaro hadi kwenye mstari wa zamani, maana Meku aliikataa ile nusu hatua, akasema ataipeleka wapi. Anaeli alipanda akiwa upande wa mama yake, Meku upande wake, Manka na mdogo wake wakibeba mashina. Shina la tatu Anaeli alilipanda kichwa chini.

"Linakua kuelekea Kanada hilo," Meku akasema. "Ligeuze."

Kufikia saa kumi mikono ya Anaeli ilikuwa na malengelenge, na mstari ulikuwa umepinda kidogo hapa na pale, haukunyooka kama rula. Meku akapangusa jasho.

"Sasa yamesimama kwenu. Kata."

Anaeli akakata jani. Likamshinda fundo. Akalizungusha hivi, akalizungusha vile, likafunguka. Akamtazama Meku.

"Usinitazame. Mimi ndiye mkosewa," Meku akasema. "Siwezi kufundisha na kusamehe kwa wakati mmoja."

Mae akainuka kwenye kigoda, akaja na magoti yake polepole, akaishika mikono ya mwanawe kwa juu, akaipitisha ncha ya jani panapotakiwa, akakaza. Anaeli akaliinua kwa mikono miwili kuvuka masale. Meku akalipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyehutubia. Meku alisema tu, "Kesho nitaleta maziwa ya watu watano," kisha akacheka. Eliaichi naye akacheka, na Mae, akimwangalia mwanawe na matope yake hadi magotini, akasema:

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Mng'oa sale huomba jani."

Eliaichi aliyabeba maneno hayo Jumapili hadi kanisani, na mnajua kitu kikifika kwa akina mama wa kwaya. Kufikia Mwaka Mpya hata wauza ndizi sokoni walikuwa nayo. Ukimvunjia mtu heshima leo kwa kudhani huna haja naye, siku ya shida utagundua kuwa hata njia ya kumrudia iko mikononi mwake. Atakupa au atakunyima, ni hiari yake.

Anaeli aliondoka tarehe nne kama tiketi ilivyosema, gari likapita kando ya mashina mafupi yaliyoanza kutoa majani mapya. Mpaka leo watu wakimuuliza kwa nini hakumaliza ule ukuta wa mama yake, haelezi habari ndefu. Anajibu tu kama tunavyojibu sisi tuliobaki: mng'oa sale huomba jani.