Hodi ya Nne

Sogeeni mbele, jamaa. Mlioegemea ukuta wa nyuma, sogeeni, huko kuna baridi, na hita yetu mnaijua, inapasha moto mstari wa kwanza tu. Kina mama nyuma ya pazia, mnanisikia? Haya. Wenye zamu ya jioni kiwandani nitawaachia mapema, msianze kuchungulia simu.

Leo nitawapigia mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo asije mtu baada ya sala kuniuliza, "Sheikh, ni nani yule?" Si mtu. Lakini ukikuwasha mahali, jikune.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mwenzetu, katika mji wa baridi kama huu wetu hapa Marekani. Mumewe anakata kuku kiwandani, yeye yuko nyumbani na mtoto anayenyonya. Makaratasi yao yako ofisini yanashughulikiwa. Mwaka wa tatu sasa, yanashughulikiwa. Neno hilo mnalijua. Ukiambiwa kesi yako inashughulikiwa, usingizi unahama nyumba.

Basi mji ule wakaingia watu wa kukamata. Magari yenye vioo vyeusi, nyuso zimefunikwa, kifuani hakuna jina. Leo wamemchukua fundi wa mapaa, kesho mama aliyekuwa anatoka kumpeleka mwanawe shule. Mwanamke yule akaingiwa na hofu. Akabana mapazia kwa vibanio vya nguo, yasiache hata upenyo. Akazima mlio wa simu. Akaacha kukaanga vitunguu. Kina mama, mmesikia? Aliacha kukaanga vitunguu! Alisema harufu itatoka nje, watajua ndani kuna watu. Wiki saba nyumba ile ilikula vya kuchemsha. Mtoto akikohoa, mama anamkumbatia mpaka kikohozi kiishie ndani ya nguo yake.

Nani hapa anaicheka hofu ile? Mimi siicheki. Mimi mwenyewe gari jeusi likipunguza mwendo mbele ya msikiti, aya niliyoihifadhi tangu utotoni inanipotea.

Sasa, alikuwa na jirani. Bibi wa Kimarekani, miaka sabini na kitu, mstaafu, maisha yake yote aliendesha basi la shule. Si Mwislamu. Ana mbwa, na mbwa analala kitandani, lakini hilo tumwachie mwenyewe. Bibi huyu alikuwa mmoja wa wale watu wanaokutana chumba cha chini cha maktaba, walimu, wauguzi, vijana wenye nywele za kijani, wanagawana mitaa: wewe simama kona hii, wewe kona ile. Kila mmoja ana filimbi shingoni. Ukiona magari, piga filimbi, watu watoke, wasimame, wapige picha, wapaze sauti. Hawana bunduki, hawana cheo. Jumamosi wanaandamana mbele ya mahakama na mabango waliyoyakata kwenye maboksi. Na wale wasioweza kutoka majumbani wanapelekewa maziwa na unga mpaka mlangoni.

Siku ya kwanza bibi alipoleta unga, aliupiga mlango kwa ngumi, go! go! go!, vilevile wanavyopiga wao. Mwanamke wetu nusura azimie. Akachungulia, akaona ni kikongwe na mfuko, akafungua.

"Bibi, nakuomba," akamwambia, "usinigongee hivyo. Kwetu mlango haupigwi."

"Sasa nitajuaje kama upo?"

"Simama pembeni, usielekeze macho ndani, useme hodi. Mimi nitakujibu karibu."

"Nisipojibiwa?"

"Unasema tena. Kisha mara ya tatu. Ukiona kimya mara zote tatu, unarudi ulikotoka, wala huweki kinyongo. Pengine mwenyewe amelala, pengine yuko kwenye sala, pengine hataki mgeni. Haulizwi."

"Na nikisema mara ya nne?"

Mwanamke akacheka, na zilikuwa zimepita wiki nyingi hajacheka. "Ya nne ni ya asiyefunzwa kwao, bibi."

Bibi akatoa kalamu, akaliandika neno lile nyuma ya mkono wake. Akalipeleka kule maktaba, akawafundisha wenzake wote. Wakakubaliana kwamba anayepeleka mfuko kwa nyumba za watu wetu apige hodi, maana wale wa magari meusi neno hili hawalijui, na aliye ndani atajua ni rafiki. Hebu fikirini, mtaa mzima wazungu wanapiga hodi! Wanaivuta kama kamba, "hoooudi," lakini wanapiga.

Bibi akaomba na neno la kuandika kwenye bango lake. Mwanamke akampa: tuko pamoja. Bibi akaandika TUKO PAMAJO, herufi kubwa nyekundu, akalibeba Jumamosi tatu mfululizo. Mwanamke aliliona kwenye picha za simu. Alicheka, akaona haya kumsahihisha.

Ikaja Jumatano moja, saa nne asubuhi. Theluji imefika nusu ya muundi. Mume yuko kazini. Mwanamke anamnyonyesha mtoto, akasikia filimbi moja, mbali, upande wa duka la dobi. Halafu filimbi tano. Halafu hazihesabiki. Watu wanapiga kelele, mtu anataja kwa sauti namba za gari. Halafu mshindo, pu!, kama gurudumu limepasuka, na mwingine, na mwingine. Ni mabomu ya machozi.

Mwanamke akalala sakafuni chini ya dirisha, mtoto chini ya kifua chake. Anasoma kila anachokijua, na anakichanganya. Kelele zikaja karibu, zikapita, zikarudi. Kisha akasikia viatu kwenye ngazi za mlango wake. Viatu vya mtu mmoja, vinaburuzika.

"Hodi."

Akajiambia, wamejifunza neno letu. Wamemkamata mtu wetu mmoja, wamempiga, amewaambia. Akamziba mtoto mdomo kwa ziwa.

"Hoooudi."

Safari hii ilikuja na kikohozi, na sauti akaijua. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimletea unga. Akaijua kama mnavyoijua yangu hii. Akapiga magoti, akajikokota mpaka mlangoni, mkono ukafika kwenye komeo. Na hofu nayo ikamshika kiwiko. Ikamwambia, unajuaje kama yuko peke yake? Unajuaje nyuma yake kuna nani? Una mtoto.

"Hodi," bibi akasema mara ya tatu, polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

Mwanamke, na mkono wake kwenye komeo, akasema moyoni: akipiga moja tu tena, nafungua. Wallahi akipiga moja tena nafungua.

Akangoja.

Jamaa zangu, aliingoja hodi ya nne. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha bibi wa watu kwamba ya nne hakuna! Akangoja, akasikia viatu vinashuka ngazi. Alipothubutu kuinua pembe ya pazia, akamwona bibi amefumba macho, machozi na makamasi yanamtoka, anapapasa waya wa ua, anaelekea barabarani, hajui anaelekea wapi. Watu wawili waliofunika nyuso wakamjia huku na huku, wakamlaza kifudifudi kwenye theluji. Bango lake, alilolibeba hata siku ile, likabaki kwenye ngazi. Mwanamke akalirudisha pazia na kibanio chake.

Siku ya tatu bibi alirudi. Yeye ni raia, walimshikilia, wakamwachia. Safari hii alifunguliwa kwa hodi ya kwanza. Jicho la kushoto lina bandeji; daktari amemwambia asitegemee litaona tena. Mwanamke akamkalisha, akamletea chai ya tangawizi, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Pole, bibi. Pole sana."

"Nilikuja kwako siku ile," bibi akasema. "Nilikuwa sioni. Nilihesabu milango kwa kupapasa. Nilitaka maji tu ya kuosha macho."

Mwanamke anataka kusema. Akamwongezea chai kwenye kikombe ambacho hakijapungua.

"Nikapiga hodi zangu tatu kama ulivyonifundisha. Kimya. Nilipogeuka nikawasikia wako nyuma yangu, hatua chache tu. Hapo nikamshukuru Mungu kwamba uliposikia filimbi ulikimbia, hukuwepo nyumbani. Maana nakujua wewe. Ungekuwepo ungenifungulia, na wangekuchukua pamoja na mtoto." Akamshika mkono, akauminya. "Nilifurahi mno kwamba hukuwepo."

Mwanamke akamtazama kwenye lile jicho moja lililobaki.

"Alhamdulillahi," akasema.

Basi. Hapo ndipo mfano wangu unapoishia. Alimshukuru Mungu juu ya uongo, na chai ikanywewa.

Naona Mzee wangu hapa mbele ananyanyua mkono. Sema, mzee.

"Sheikh, si alikuwa na mtoto? Na wale si kweli walikuwa nyuma? Angefungua wangeingia. Kosa lake nini?"

Umesema kweli, mzee. Wala sikubishii. Na mlio na makaratasi yanayoshughulikiwa, nisikieni vizuri, asije mtu akasema sheikh katuambia tufungue milango. Anayekuja kukamata bila karatasi iliyotiwa saini na hakimu, usimfungulie, abomoe mwenyewe. Mlango ule siudai. Ninayoiuliza mimi ni ile alhamdulillahi. Ile ndiyo inayoninyima raha. Mtu amepoteza jicho, anakwambia wewe ni jasiri, nakujua, ungefungua. Nawe unapokea. Unameza na chai.

Mnaona niko mbali? Jumapili iliyopita majirani zetu wa lile kanisa la kona walikuja hapa hapa. Wamekalia zulia hili hili. Wakala sambusa zetu, wakatuambia, "Nyinyi ni mashujaa, tunajifunza ujasiri kwenu." Nasi tukafanyaje? Tukaweka mkono kifuani, tukasema ahsanteni, karibuni tena. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa kuliko wote! Yule mwalimu wao aliyefungwa mkono, mnadhani aliuvunja akiteleza bafuni? Aliuvunja kwenye ile kona ya duka letu la dobi. Kati yetu alikuwepo nani? Mnatazama zulia. Zulia halijui.

Na hapa ndipo ninapotaka kukanyaga kidonda. Mwanamke wa mfano wangu hana makaratasi, ana mtoto, ana udhuru mbele ya Mungu na mbele ya watu. Sisi je? Humu ndani, mkiniruhusu kuhesabu vichwa, zaidi ya nusu tumekula kiapo cha uraia. Tumepiga picha na kale kabendera, tumezituma Mombasa na Unguja na Bukavu, tumepongezwa. Hatuna cha kushughulikiwa. Akitukamata mtu barabarani, mambo yakienda kama sheria ilivyoandikwa, atatuachia kama alivyomwachia bibi. Na bado vikongwe wa watu, wasiotujua nasaba, wasiojua hata kuliandika neno pamoja, ndio wanaosimama kwenye theluji badala yetu, na sisi tuko ndani tumebana mapazia kama yule mwanamke. Udhuru wa asiye nacho tumeuazima sisi tulio nacho. Tunasema, "Hali ni mbaya, sheikh." Hali ni mbaya kwa nani?

Naogopa. Sitawadanganya. Usiku mke wangu ananiuliza kwa nini sili, nasema tumbo. Si tumbo. Naogopa yale mabomu, naogopa kulazwa kifudifudi nikiwa na kanzu mbele ya watoto ninaowasomesha, naogopa kwamba karatasi yangu ya uraia siku hizi huenda ikawa karatasi tu. Mtu asiyeogopa mji huu sasa hivi, huyo hana habari. Lakini kuna hofu nyingine imenianza wiki hii, nayo imeipita ile ya kwanza. Naogopa siku mmoja wa wale atakuja na jicho moja, anishike mkono, aniambie, "Sheikh, nakujua wewe," na mimi nisiwe na la kumjibu isipokuwa kumsifu Mola wangu kwa jambo ambalo Yeye anajua si la kweli.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, watu wa maktaba wanakutana mbele ya mahakama. Wenye kesi, kaeni majumbani, pikeni, na vitunguu vikaangeni, wenzenu watakuwa nje. Wenye uraia, sitoi amri, mimi si jemadari. Nasema tu nitakuwepo. Mwaka wa nne huu tangu nile kiapo, na sijawahi kusimama pale hata dakika moja.

Mkinikuta natetemeka, msinifiche kwa kusema ni baridi. Simameni karibu nami tu.