Mpiga Picha Aliyesema Mkanda Uko Sawa

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo mziweke magotini. Nataka niwapeleke studio ya picha.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja katika mji wa reli, miaka ile ya kamera za filamu, kabla simu hazijaingia mifukoni mwetu. Harusi zote za mji zilikuwa zake. Na kilichompa sifa kuliko hata picha zenyewe ni namna alivyoitunza kamera. Alikuwa nayo kwenye sanduku la mbao lililotandikwa vipande vya godoro. Mkanda wa shingoni aliupeleka kwa fundi viatu ukashonwa upya kwa uzi mnene, na kila asubuhi, kabla hajanywa chai, aliuvuta mara tatu kuona kama unashika. Miaka ishirini na mitatu kamera ile haikuwahi kuanguka.

Basi akaja mama mmoja mjane, akafungua studio mtaa wa pili. Huyu alipiga picha watu wakiwa hawana habari. Kwenye picha zake bibi harusi anacheka mpaka macho yanafunga, mashangazi wanapiga vigelegele. Kwenye picha za mzee wetu watu walisimama kama wanapimwa suti. Wateja wakaanza kuhama, mmoja mmoja, kimyakimya.

Mnaujua wivu ninyi? Msinitazame hivyo, mnaujua. Mzee akaanza kupita mtaa wa pili bila safari, anachungulia picha za dirishani, anatafuta kasoro. Akiikosa, chakula hakishuki. Akiipata, siku hiyo anaimba bafuni, na mkewe akimuuliza amefurahia nini anasema ni hali ya hewa.

Ikafika zamu ya binti yake kuolewa. Sasa mnajua desturi yetu: baba wa bibi harusi hapigi picha. Anavaa suti, anamshika binti mkono, anamkabidhi. Kamati ikamwuliza binti anamtaka nani, naye akamtaja yule mjane. Akamwendea baba yake kwa adabu, akamwambia, "Baba, siku ile nakutaka ndani ya picha, siyo nyuma ya kamera."

Maneno matamu hayo, au siyo? Lakini sikio la wivu halisikii utamu. Yeye alisikia kwamba hata mtoto wake wa kumzaa anaziona picha za yule mwanamke kuwa bora kuliko zake.

Asubuhi ya harusi mjane akafika nyumbani. Kabla hajafanya lolote alimwendea mzee, akapiga goti, akavua kamera shingoni na kuiweka mikononi mwake.

"Shikamoo, mzee. Leo nina woga, maana napiga mbele yako. Wewe ndiye unayejua kutunza vyombo. Hebu niangalizie kama kila kitu kiko sawa."

Mzee akaangalia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkanda, pale unapoingia kwenye kipete cha chuma. Mshono ulikuwa umelika, zimebaki nyuzi tatu. Na mkanda wa akiba alikuwa nao, mpya, umo sandukuni chumba cha pili. Hatua kumi tu.

Ninyi mngesema nini? Msijibu haraka, tuko kanisani.

Mzee akasema, "Kiko sawa, mama. Kapige."

Mjane akashukuru, akaipokea kamera kwa mikono miwili.

Wakaanzia chumba cha bibi, mama mzazi wa mzee huyu, ambaye tangu masika alikuwa hatoki kitandani. Bibi harusi akapiga magoti apate baraka. Yule mama, ambaye alikuwa anashindwa hata kushika kikombe, akauinua mkono, akaushika mkono wa mwanawe na kuuweka pamoja na wake juu ya kichwa cha mjukuu. Wote mle ndani walilia. Mjane akapiga picha nne au tano. Na mzee? Mzee alikuwa anatazama nyuzi tatu. Mama yake amemshika mkono, na yeye hata uso wake hakuutazama.

Kanisani kwaya ikaanza. Mnajua wapiga picha wanavyotembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi. Mjane akarudi nyuma, akarudi, kisigino kikagonga ngazi ya madhabahu. Akajishika asianguke, na ule mtikisiko ukamaliza mshono. Kamera ikapiga sakafu ya saruji, mlango wake wa nyuma ukafunguka, filamu ikatoka nje kwenye mwanga. Picha zote za tangu asubuhi zimeungua.

Nisiwafiche: alifurahi. Furaha ilimpanda kooni kama soda. Akainamisha kichwa watu wadhani anaomba. Kamera yake ikaletwa mbio kutoka nyumbani, akapiga harusi ya binti yake mwenyewe akiwa na suti, na watu wakasema, kweli mkongwe ni mkongwe. Katika albamu ile, baba wa bibi harusi hayumo hata kwenye picha moja.

Wiki tatu baadaye mama yake akafariki. Wanakamati wa msiba wakaja kuomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Akawaambia hilo lisiwape shida, akaenda kufungua maboksi yake. Ndugu zangu, alitafuta siku nzima. Miaka ishirini na mitatu ya mama za watu. Wa kwake, kila alipotaka kumpiga picha, mama alisema ngoja kwanza nisuke nywele, na mwanawe akasema basi, siku nyingine.

Akavaa viatu, akaenda mtaa wa pili. Akamwuliza mjane kama katika filamu ile hakukusalimika hata kipande.

Mjane akaitoa kwenye droo. Ilikuwa nyeusi tii mwanzo hadi mwisho.

"Niliisafisha hivyohivyo, mzee, nikitumaini. Nisamehe, kosa ni langu. Ule mkanda mwenyewe niliutilia shaka, ndiyo maana nikakuletea. Uliposema uko sawa, nikayaamini macho yako kuliko yangu."

Mama yule alizikwa bila picha. Mjukuu alitangulia na msalaba, na aliyepaswa kubeba picha alitembea mikono mitupu.

Sasa sisi. Tunajifanya hatuoni, lakini wivu una macho makali, wapendwa, unaona kabla ya wote. Tunajua ndoa ipi imebakiza nyuzi tatu. Tunajua mtoto wa nani ameanza kuteleza, mwimbaji gani mpya anayepigiwa makofi anaelekea kuanguka. Wanatuuliza, tunasema uko sawa, kapige. Kisha tunakaa mbele kusubiri kishindo, na tunaita kimya chetu heshima.

Hatujui ndani ya kamera ya mwenzetu mna picha ya nani. Yupo mtu humu ndani ambaye umeona mshono wake umelika. Usimwambie jirani yako hapo kwenye benchi. Ibada ikiisha mfuate yeye, mwambie yeye.