Mkunga Nyanzala na Simu Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo hakuitikia? Sogea karibu na moto, tusije tukakushuku bure. Maana hadithi ya leo ni ya kushukiana. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kale ile ya wanyama kusema na watu, lakini kale ambayo simu zilikwisha kufika, palikuwa na mkunga aitwaye Nyanzala. Msiniulize Swala alishikaje simu kwa kwato. Mimi nilihadithiwa kwamba aliishika, nami nawahadithia kwamba aliishika.

Nyanzala alizalisha watu, akazalisha mbuzi, akazalisha na wanyama wa porini. Na mama wa porini hazai hadharani. Anatafuta kichaka, anajificha, anampigia mkunga na kumnong'oneza, "Niko mahali fulani. Usimwambie mtu." Nyanzala hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Nungunungu, shoga yake wa kuchimba naye mizizi ya dawa. Alikuwa mwanamke asiyemwamini mtu ovyo. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, angekuuliza unataka nini. Na kauli yake ilikuwa moja: "Nyanzala hadanganywi."

Siku moja akivuka mto, kitochi chake, kijisimu cha vitufe, kikamponyoka, chubwi! kikazama. Siku tatu hakupatikana. Na siku hizo hizo mke wa Ngiri akashikwa na uchungu, akapiga simu, hola. Akapiga tena, hola. Alijifungua peke yake, nusura afe.

Nyanzala aliposikia aliumia sana. "Mkunga bila simu si mkunga," akasema. Akamchukua Nungunungu, wakaenda gulioni, kwenye kibanda cha Kinyonga muuza simu.

Mnamjua Kinyonga. Jicho lake moja lilimtazama Nyanzala, jingine lilimtazama Nungunungu. Nyanzala hakuyapenda macho yale.

Kinyonga akaweka simu mbili mezani, nyeusi na ya bluu. Bei ilikuwa ile ile, mitungi mitatu ya asali kwa yoyote utakayochukua.

"Hii nyeusi ina miaka mitano," akasema Kinyonga. "Ilipotoka ilikuwa simu ya wakubwa. Mgongo wa kioo, ubavu wa chuma, ikizama majini unaiokota inaendelea kuimba. Picha zake, utahesabu kope za siafu. Lakini mama, imezeeka. Ukichaji asubuhi, mchana inaomba tena. Na walioitengeneza wameshaisahau."

"Na ya bluu?"

"Ya bluu mpya, imetoka kwenye boksi sasa hivi. Si ya wakubwa, si ya wanyonge, ni ya katikati. Mgongo plastiki. Picha nzuri juani, kivulini zinakuwa kama uji. Manyunyu ya mvua inastahimili, kuzama haiwezi. Lakini chaji inakaa siku mbili, na waliotengeneza wataitunza miaka mingi. Kwa kazi yako wewe, mama, ningechukua ya bluu."

Nyanzala akamvuta Nungunungu pembeni.

"Umemsikia? Anaisukuma ya bluu."

"Nimemsikia. Labda anasema kweli."

"Kweli! Kitu kizuri hakisukumwi, shoga. Kina ubovu hicho. Nyanzala hadanganywi."

Akarudi mezani, akaipima nyeusi mkononi. Ilikuwa nzito, ya baridi, yenye heshima. Akaikumbuka ile iliyozama mtoni. Akauliza bei mara tatu, akauliza betri mara tatu, akauliza habari ya maji mara tatu. Ilikuwa ya nani, hakuuliza hata mara moja.

Akachukua nyeusi. Nungunungu akachukua ya bluu, na Kinyonga akabaki na nyingine moja kama ile. Njia nzima wakarudi wanataniana.

"Yangu inaogelea!" akasema Nyanzala.

"Yangu itakesha, yako ikiwa imelala!" akasema Nungunungu.

Haikupita wiki, Swala akapiga simu. "Bi Mkunga, niko kwenye kichaka cha mikwaju, ng'ambo ya mto. Usimwambie mtu."

Nyanzala akaondoka alfajiri, simu mfukoni. Akavuka mto, akafika, akakaa na Swala mpaka jua likapanda. Mtoto akatoka salama, jike, miguu myembamba kama njiti. Nyanzala akawapiga picha, mama na mwana, picha nzuri ajabu, kila unywele unaonekana. Akawaaga akaenda zake.

Kabla ya alasiri Chui akaja. Hakunusanusa, hakuzungukazunguka. Alikwenda moja kwa moja kama mtu aliyeelekezwa. Akamchukua mtoto.

Swala akamjia Nyanzala mlangoni, macho makavu.

"Nani alijua?"

"Mimi na wewe."

"Nani alisema?"

"Si mimi."

"Basi ni mimi," akasema Swala. Akageuka, akaondoka.

Nyanzala hakula siku ile. Akaitazama ile picha, akaifunika simu kifuani, akawaza. Nani alimwona akivuka mto? Akakumbuka kwamba alipotoka alfajiri, Nungunungu alikuwa bondeni anachimba mizizi, akampungia mkono. Kwa nini alimpungia mkono?

Punde akapiga Paa. "Bi Mkunga, niko nyuma ya mwamba uliopasuka. Usimwambie mtu."

Safari hii Nyanzala alipita njia ndefu. Alitembea mbele, akarudi nyuma, akajibanza, akasikiliza. Hakufuatwa na mtu. Mtoto akazaliwa saa nne asubuhi, mdogo anaenea kwenye kiganja. Nyanzala akaondoka kwa njia nyingine.

Kabla ya alasiri Chui akaja, moja kwa moja, akamchukua.

Paa akapiga simu. Alikuwa analia.

"Nani alijua?"

"Mimi na wewe."

"Nani alisema?"

Nyanzala akakata simu. Alikwenda mbio hadi shimoni kwa Nungunungu, akasimama mlangoni bila hodi.

"Chui anakulipa nini?"

Nungunungu akatoka, miba imelala. "Unasema nini, shoga?"

"Usiniite shoga! Ulinipungia mkono siku ya Swala. Unajua njia zangu zote. Sema, anakulipa nini?"

Miba ya Nungunungu ikasimama mmoja mmoja, ikalala tena. "Nilikupungia mkono kwa sababu nilikuona," akasema. Akaingia ndani.

Habari zikaenea porini. Mama akimwona Nyanzala anashika njia nyingine. Wengine walisema mkunga anagawana nyama na Chui. Wengine walisema ana uchawi. Simu ile nzito, ya baridi, yenye heshima, ikawa haiiti.

Mwisho akapiga Kongoni, na sauti yake haikuwa ya hiari. "Mtoto amekaa vibaya, Bi Mkunga. Ningekuwa na mwingine wa kumwita ningemwita. Niko kwenye magugu ya bwawa lililokauka."

Nyanzala alitoka mbio, hakupata nafasi ya kuchaji. Njiani simu ikalia ti, ti, ti, ikazimika. Akafika, akafunga kanga kiunoni, akahangaika mpaka jua la utosi. Mtoto akageuka. Mtoto akatoka. Nyanzala hakuondoka. Akaokota gogo, akakaa mbele ya yale magugu. "Akija leo," akasema, "ataanza na mimi."

Alasiri ikafika. Chui hakuja. Jua likaelekea kuchwa. Chui hakuja. Mtoto wa Kongoni akasimama, akaanguka, akasimama, akamfuata mama yake kwenye kundi. Chui hakuja.

Sasa nyinyi hapo mnanong'onezana kwamba mmeshajua. Nyanzala hakujua. Alichojua ni kwamba safari hii Nungunungu alinuna shimoni mwake siku nzima, na Chui hakuja, kwa hiyo dhambi ni ya Nungunungu. Akaenda kumwambia hivyo hivyo.

Nungunungu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaa chini. Nitakuuliza, halafu uende zako. Kwa Swala ulikwenda na nini?"

"Wembe, uzi, kanga mbili, simu."

"Kwa Paa?"

"Wembe, uzi, kanga mbili, simu."

"Kwa Kongoni?"

"Wembe, uzi, kanga mbili, sim..." Akapapasa mfuko. "Simu ilikuwa imezimika."

Wakatazamana. Wakaondoka pamoja kwenda gulioni, mmoja mbele, mmoja nyuma, maana walikuwa bado hawajapatana.

Nyanzala akaitupa simu mezani. "Wewe mwenye macho mawili njia mbili! Umeniuzia nini?"

Kinyonga akaitia chaji, akaiwasha, akaifungua ndani kabisa, mahali pa mipangilio, huko ambako wengi hatufiki. Akasoma. Akawa wa kijani, akawa wa kijivu, akawa mweupe kama unga.

"Mama," akasema, "simu hii haijamsahau bwana wake wa kwanza. Jina lake bado limo. Kila inapokwenda, yeye anaiona kwenye simu yake mpya. Ikitulia mahali tangu alfajiri mpaka mchana, anaona imetulia; ikiondoka, anajua mkunga amemaliza."

"Bwana gani?"

"Chui."

"Ulijua!"

"Nilijua ni ya Chui. Hilo la jina sikulijua. Aliniletea akasema amekwisha kuifuta, nami nikamwogopa, sikuangalia." Kinyonga akainamisha kichwa. "Lakini nilikuambia uchukue ya bluu."

Nyanzala akarudi nyuma hatua moja. Maana ni kweli, alimwambia.

Kinyonga akanyoosha mkono aifute simu pale pale. Nungunungu akamzuia. "Ngoja kwanza. Ichaji mpaka ijae."

Kesho yake alfajiri Nyanzala akaenda kwenye kichaka kinene cha miiba, simu mfukoni, betri imejaa. Nungunungu akaingia kichakani, akajikunja, mgongo nje. Nyanzala akakaa karibu naye mpaka mchana, kama anayezalisha.

"Sasa nenda," akasema Nungunungu. "Wewe usipoondoka na hiyo simu, hatakuja."

"Nikuache peke yako?"

"Uliwaacha wengine."

Neno hilo lilimchoma Nyanzala. Akasimama. "Nungunungu, nilikukosea. Kwa Swala, kwa Paa..."

"Nenda, shoga. Utayasema baadaye."

Akaenda. Alihesabu hatua ili asigeuke nyuma. Alipofika mtoni akasikia mngurumo mmoja, halafu kelele ambayo hakuwahi kuisikia kwa Chui. Kisha Nungunungu akampigia.

"Njoo uone."

Chui alikuja moja kwa moja kama mtu aliyeelekezwa, akaingiza kichwa kichakani bila kutazama, maana simu ilikwisha kumtazamia. Miba kumi na minne iliingia puani na mdomoni, mmoja ukaingia jichoni. Walimwona akipanda mlima anaanguka anaamka, na tangu siku hiyo hakuonekana tena katika nchi ile. Nungunungu alichanika bega. Nyanzala akalishona kwa uzi wake wa ukunga, akiomba radhi kwa kila mshono, na Nungunungu akamwambia apunguze maneno, akaze mkono.

Kinyonga akaichukua nyeusi, akaifuta kabisa, akasema sasa ni safi, inaweza kurudi. Nyanzala akakataa. Akapewa ya bluu. Mgongo plastiki, picha uji kivulini, chaji siku mbili. Akaitisha mkutano kisimani, akawaeleza mama wote jambo lilivyokuwa, neno kwa neno, bila kujitetea. Walimsikiliza. Kongoni aliitikia kwa kichwa. Paa hakuja. Swala alisimama nyuma kabisa, na mkutano ulipoisha hakuwapo.

Mwezi ukapita, simu haikuita. Mwezi wa pili, haikuita. Nyanzala akaichaji kila baada ya siku mbili, akaiweka mezani, akaitazama.

Mwezi wa saba, asubuhi, ikaita.

"Bi Mkunga." Ilikuwa sauti ya Swala. "Siku zangu zimefika."

"Nakuja. Uko wapi?"

"Simu yako ni ile ya bluu?"

"Ni ya bluu. Mpya. Kinyonga ameifungua mbele yangu, haina jina la mtu ila langu."

"Sawa," akasema Swala. "Iache nyumbani."

"Swala, na mama mwingine akinipigia?"

"Atangoja. Nitakuambia njia mara moja tu. Usiandike."

Nyanzala akasikiliza njia, mara moja. Akaweka simu kitandani. Akachukua wembe, uzi, kanga mbili, akafunga mlango. Hakuwa amefika kwenye ua aliposikia simu ikiita tena ndani. Iliita, ikakatika, ikaita.

Nyanzala akasimama. Kisha akashika njia ya kwa Swala, bila simu.

Nani aliyekuwa anapiga? Sijui, sikuambiwa. Nilipopewa hadithi hii, hapa ndipo ilipokomea, nami nimeikomesha hapo hapo.