Jina Moja kwa Kiwanja cha Barabarani

Sogeeni karibu, ila mwenye hasira za haraka akae mbali nami, maana zangu peke yangu zinatosha. Kila nikiisimulia hadithi hii natamani kumshika mtu shati.

Palikuwa na nyumba pale Same, upande wa juu wa mji, ambako upepo hutia vumbi hadi kwenye kikombe cha chai. Ndani yake waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bibi Nakijwa, mama mwenye mvi na magoti mabovu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kazi ambayo mikono ile iliwahi kuifanya, hata kama ni miaka hamsini iliyopita, haikuisahau.

Wa pili alikuwa Foibe, mkwe wake. Kipaji chake kilikuwa macho. Foibe aliona kitu kinapopotelea. Maneno hakuwa nayo mengi, na katika nyumba ile hakuna aliyemwuliza ameona nini.

Wa tatu alikuwa Zipora, binti wa Bibi Nakijwa, aliyerudi kwa mama yake baada ya ndoa yake kuvunjika. Kipaji chake kilikuwa kutokubali jibu nusu. Ukimwambia Zipora "ndivyo ilivyo," umemwanzishia kazi.

Na mwenye nyumba je? Mwenye nyumba aliitwa Elinihaki, mwana wa Bibi Nakijwa, mume wa Foibe, kaka wa Zipora. Alikuwa na grosari ya vinywaji nyuma ya ukuta wa nyumba yake. Kipaji chake mtakijua wenyewe.

Sasa, asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Elinihaki aliingia jikoni akamkuta mama yake ameshika kikombe.

"Mama, hicho ni cha ngapi?"

"Cha pili, mwanangu."

"Cha pili, na saa nne haijafika. Mkaa unakwisha, maji yanakwisha, umeme ndio usiseme. Nanunua yuniti Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Mnadhani pesa naichota kisimani?"

Jamani! Mwana anahesabu vikombe vya chai vya mama yake! Na hakuishia hapo. Alisema amepata mpangaji, mtu wa ofisini, anataka chumba. Chumba kilichokuwepo ni cha Mama. Mama arudi milimani kwenye nyumba ya zamani, kule kuna kuni za bure.

Nyumba ya zamani ilikuwa imebaki kuta tatu. Elinihaki alijua hivyo. Aliwahi kuipiga picha mwenyewe.

Bibi Nakijwa hakulia. Alikiweka kikombe chini, kimejaa vilevile, akaenda chumbani kwake. Foibe akainama kwenye sufuria. Zipora ndiye aliyemfuata kaka yake hadi grosari, mbele ya wateja.

"Kaka, na gharama zikishuka, Mama atabaki?"

Elinihaki akacheka, akawageukia wateja wake ili nao wacheke. Miongoni mwao alikuwepo Mzee Senkondo, mjumbe wa mtaa, aliyepita kununua soda.

"Sikilizeni nyote. Atakayeshusha gharama za nyumba yangu hadi nusu kabla ya Krismasi, namwandikia kiwanja changu cha barabarani. Na Mama atakaa na chumba chake mpaka achoke. Mjumbe, wewe ni shahidi."

"Nimesikia," akasema Mzee Senkondo. Hakucheka.

Gharama za nyumba ile zilikuwa tatu: mkaa, maji na umeme. Kila moja ilimeza karibu sawa na mwenzake. Likumbukeni hilo.

Bibi Nakijwa alianza na mkaa. Pale nyumbani makande yalipikwa siku tano kati ya saba, na makande, mnajua, hukaa motoni tangu asubuhi hadi watu wachoke kusubiri. Bibi aliomba tenga kubwa la kubebea nyanya. Akalizungushia ndani blanketi lililochakaa, akashindilia maganda makavu ya mahindi, akashona mto mnene wa kufunika juu. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, sindano ikimponyoka kila mara. Foibe alipotaka kumsaidia alimwambia, "Acha, mwanangu. Hii ni kazi yangu." Kisha akaloweka mahindi na maharage usiku kucha, asubuhi akayachemsha kwa muda mfupi, akaitumbukiza sufuria motomoto ndani ya tenga na kulifunika.

Elinihaki alipoliona aliangua kicheko. "Mama, siku hizi unatamia makande kama kuku?"

Mchana walifungua. Makande yalikuwa yameiva, laini, yanafuka mvuke, wala hapakuwa na kaa hata moja jekundu jikoni. Elinihaki alikula sahani tatu. Asante hakuisema. Tangu siku hiyo makande, maharage, hata wali viliivia ndani ya tenga, na gunia la mkaa lililokuwa likiisha kwa wiki mbili likafika mwezi.

Foibe alishughulika na maji. Walinunua ya mkokoteni, madumu kumi kila siku. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la saruji alilojenga marehemu baba mkwe wake, na ndani yake Elinihaki alikuwa amerundika makreti ya chupa tupu. Foibe aliyatoa makreti yale mwenyewe, moja baada ya jingine, akaingia ndani kufagia buibui na nge. Akauza vitenge vyake viwili, vile vya harusi ya mdogo wake, akanunua saruji ya kuziba nyufa. Akaokota mabati chakavu kwa fundi, akayakunja kuwa mifereji, akaifunga chini ya paa kwa waya.

"Umeifanya nyumba yangu ionekane kambi ya wakimbizi," mumewe akamwambia.

"Subiri mvua, mume wangu," Foibe akajibu. Na alisubiri, maskini, wiki tatu akiangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wenzetu. Vuli ya mwaka ule ilileta mvua nne tu. Lakini zilikuwa mvua za kweli, na tangi likajaa hadi shingoni. Maji ya kufulia hakuyamwaga tena njiani: yale ya kusuuzia yakapiga deki, na yaliyooshewa mboga yakamwagilia mchicha aliopanda kwenye magunia. Madumu kumi yakawa manane, kisha matano.

Ukabaki umeme, na hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Zipora aliambiwa kwamba umeme unaliwa na pasi, na taa ya jikoni, na redio ya Mama. Akazima pasi. Akakata kipande cha bati la paa la jikoni akaweka bati linalopitisha mwanga, taa ya mchana ikawa haina kazi. Redio akaificha. Yuniti zikaendelea kukimbia! Mtu mwingine angesema ndivyo ilivyo. Zipora akangoja Jumapili, watu wametoka kanisani, akazima kila kitu nyumbani, akachomoa hata chaja ya simu, akaenda kusimama mbele ya mita. Kile kitaa chekundu cha mita kilikuwa kinawaka na kuzima harakaharaka, kama moyo wa mtu aliyekimbia.

"Wifi, njoo uone," akaita. "Nyumba imelala, lakini kuna mtu anakula."

Akashusha swichi kuu. Papo hapo, nyuma ya ukuta, muziki wa grosari ukakatika, na wateja wakapiga kelele: "Aah! Elinihaki, umeme!"

Mmeelewa? Zipora alichukua jembe akafukua mchanga kandokando ya ukuta, akaupata waya mnene mweusi uliotoka ndani ya nyumba kwenda grosari. Mafriji mawili na spika vilikuwa vikilishwa na mita ya nyumbani tangu mwaka juzi, na mama mzazi akisimangwa kwa kikombe cha chai!

"Niliuweka kwa wiki moja tu," Elinihaki akasema, jasho likimtoka. "Mita ya grosari ilikuwa mbovu. Nikasahau."

"Ulisahau waya, vikombe vya Mama hukuvisahau," dada yake akamjibu. Akasimama pale na jembe mkononi mpaka fundi alipoletwa akauondoa. Foibe asingeweza kufanya hivyo, kwa kuwa ni mke. Mama asingeweza pia. Ilihitaji dada.

Na msidhani umeme ule ulihama tu. Elinihaki alipoanza kuulipia mwenyewe, friji la pili, lililokuwa likipoza chupa sita, alilizima siku ileile.

Siku ya pili ya Krismasi watu wa nyumba ile, majirani na wateja wa grosari wakakusanyika uani. Mzee Senkondo alikuwa amefuatilia kila mwezi, na akatangaza kwamba gharama zimeshuka nusu kamili. Mkaa nusu, maji nusu, umeme nusu. Ukiitoa kazi ya mmoja wao, yeyote yule, nusu haifikiwi.

Elinihaki akasimama, amevaa shati jipya. "Nashukuru. Sasa tuseme ukweli. Nani aliyewaamsha hawa? Ni mimi. Nisingewabana, wangefanya lolote? Mshindi basi ni mimi, na kiwanja kinabaki kwangu."

Wallahi alisema hivyo, tena bila kupepesa macho.

"Ulitishia kumfukuza mama yako," Mzee Senkondo akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi unayotaka ilipwe kiwanja? Kaa chini."

Akakaa. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa.

"Vema. Mimi nilisema atakayeshusha. Sikusema watakaoshusha. Wateja wangu walisikia. Kiwanja ni kimoja, jina ni moja. Mkishindwa kulitaja kabla sijafungua grosari jioni hii, ahadi imekufa."

Wateja wakatazama chini, maana kweli ndivyo walivyosikia. Mjumbe akajaribu kuandika majina matatu, Elinihaki akakataa kutia sahihi. Zipora akasema aandikwe mmoja kisha wagawane kimyakimya. Mzee Senkondo akatikisa kichwa: "Siku mkikosana, ofisini watasoma karatasi. Na karatasi itakuwa na jina moja."

Foibe ndiye aliyesema wa kwanza, na watu wakashangaa kuisikia sauti yake. "Nina miaka kumi na moja katika nyumba hii. Hakuna kitu chenye jina langu humu, hata jembe. Vilivyokuwa vyangu ni vile vitenge viwili, navyo viko ndani ya nyufa za tangi. Naomba niandikwe mimi."

Zipora akamgeukia wifi yake. "Sikulaumu, wifi. Lakini ninyi mlipambana na moto na maji, mimi nilipambana na kaka yangu. Tangu siku ile hanisemeshi. Nimeharibu mahali pekee nilipokuwa nikilala. Nisipopata kiwanja hiki, nitakwenda wapi?"

Wote wakamgeukia Bibi Nakijwa, wakidhani atakitupa kwao kwa huruma ya mama. Hakukitupa.

"Nimezaa mtoto akaninyima chai," akasema taratibu. "Chumba ameniachia, na mwakani anaweza kukidai tena. Nataka mlango ambao nikiufunga, hakuna wa kuniambia toka. Ila msiniandike kwa kunihurumia. Kama ni kwa kazi ya mikono yangu, niandikeni. Kama ni kwa mvi zangu, acheni."

Upande wa pili wa ukuta mteja wa kwanza alikuwa ameanza kugonga dirisha la grosari, na Elinihaki akatoa funguo mfukoni, anatabasamu. Tabasamu lile, jamani!

Mzee Senkondo akageuka akawatazama majirani waliosimama. "Nisaidieni," akasema.

Basi nami nawageukia ninyi. Msiniambie wagawane, njia hiyo imefungwa. Msiniambie wasusie, kwani wakisusia anashinda yule. Kazi zao zilikuwa sawa, na shida zao mmezisikia. Bibi Nakijwa, Foibe, au Zipora: wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki ungewatazama usoni ukawaambia nini?