Kipande Kilichokuwa Kikingoja

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa programu za kompyuta. Aliiandikia hospitali programu ya kuangalia vile vitanda vya joto wanamolazwa watoto njiti. Na alipenda usafi, huyo! Siku moja akakiachia kifaa cha kusafishia programu, humo humo kwenye kompyuta, kipitie kazi yake yote. Kifaa kikamwuliza kwenye skrini: "Kipande hiki cha programu hakitumiki. Nikifute?" Kijana akatazama. Kweli, tangu akiandike hakijawahi kufanya lolote. Akabonyeza ndiyo, akaenda kunywa chai, roho yake kwatu.

Jioni umeme ukakatika. Kengele ya kumwita muuguzi haikulia. Vitanda vikaanza kupoa, na watoto wenyewe, jamani, mnawajua walivyo wadogo!

Bahati nzuri mama mmoja alikuwa amekaa kando ya mwanawe, hana analofanya ila kumtazama. Aligusa kijiguu, akakuta kimepoa, akapiga ukelele. Muuguzi akaja mbio, akawaita kina mama wote. Kila mtoto akawekwa kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa kanga.

Kijana alifika mbio. "Kifaa kiliniambia kipande kile hakina kazi."

"Kilitazama wapi?" muuguzi akamwuliza.

Akainamisha kichwa. Kifaa kilikuwa na kasoro: kilikagua mafaili yaliyokuwa wazi tu. Sehemu iliyokitegemea kipande kile ilikuwa kwenye faili lililofungwa.

"Kwani kazi yake ilikuwa nini?"

"Kungoja tu, dada. Kungoja umeme ukatike, kipige kengele." Machozi yakamtoka.

Yule mama akamwita kwa upole. "Kaka, usilie. Njoo umguse. Ameshapata joto."

Na sisi je? Tumewafuta wangapi kwa sababu leo hatuwaoni wakifanya kitu? Bibi yako kule nyumbani, unasema siku hizi anakaa tu. Umelifungua faili lake? Unajua kila alfajiri anamtajia Mungu jina la nani? Mimi nawapenda, ndiyo maana nasema: tunatazama yaliyo wazi mbele yetu, halafu tunabonyeza ndiyo.

Leo ukitoka hapa, kabla hujala, mpigie simu. Mwulize, "Bibi, unafanya nini?" Atakwambia, "Nimekaa tu, mjukuu wangu." Usikate. Nyamaza kidogo, umsikilize anavyopumua. Anakungoja wewe.