Leseni Moja, Wenyewe Watatu

Sogeeni, nina fundo mkononi. Kulifunga ni kazi yangu. Kulifungua ni kazi yenu.

Huko Mbinga, ushirika wa wakulima wa maharage ulikuwa na wafanyakazi watatu ofisini. Elgius alikuwa fundi: kompyuta ikikugomea wewe, kwake inatii. Osmunda aliyajua mashamba yote ya milima ile bila ramani, maana amekulia kwenye ngoro, yale mashimo yanayochimbwa mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Kanisius kipaji chake kilikuwa ubishi. Ukimwambia haiwezekani, anauliza, "Nani kasema?"

Mnunuzi wa maharage yao akatoa sharti: taarifa ya kila shamba, mashamba elfu mbili, ifike kabla ya Ijumaa. La sivyo maharage yabaki ghalani, yaliwe na wadudu.

Elgius akaunda msaidizi wa akili mnemba, anayetazama picha za mashamba na kuandika taarifa. Alimuunda ndani ya programu ya kampuni moja, kwa leseni ya majaribio. Siku aliyomaliza, leseni nayo ikaisha.

Msaidizi akaanza kwa aibu tupu. Alipoziona ngoro akaandika: "Ardhi imeharibiwa na wachimba madini." Osmunda alicheka, kisha akakasirika. Akamfundisha siku tatu, shimo kwa shimo: hili la mwaka huu, hili limepumzishwa, lile lina mbolea ya majani. Lakini Osmunda leseni hakuwahi kupewa.

Leseni hai ilikuwa moja, ya Kanisius, iliyolipiwa na ushirika, na sheria ya kampuni ilisema wazi: asiye na leseni asimguse msaidizi, hata kama ni wa ofisi hiyo hiyo. Ndiyo maana siku ya kwanza ya mafunzo hayo Kanisius alimpisha kitini, mbele ya kompyuta yake.

"Dada Osmunda, kaa. Wakinifukuza, nitalima."

Taarifa zikafika Alhamisi. Maharage yakanunuliwa yote.

Kampuni yenye programu ile ikagundua kwamba leseni imetumiwa na wengi. Ikaamuru achaguliwe mmoja, wengine wasimguse tena. Kuongeza leseni, ushirika hauna uwezo. Na kazi zote sasa zinapita kwa msaidizi, kwa hiyo atakayekosa leseni hana kazi.

Meneja, Mama Hyera, akawaita, fomu ya kampuni ya kuandika jina hilo ikiwa mezani.

"Nimemuunda mimi," alisema Elgius. "Likiandikwa jina lingine, sisaini."

Osmunda akasimama. "Milima ya kwetu nimemfundisha mimi. Leo niombe kibali cha kumuuliza habari za kwetu? Siombi!"

"Sheria nimeivunja," alisema Kanisius, "na kesho naivunja tena. Bila kiti changu mngekuwa mnaandika kwa mkono mpaka leo."

Mama Hyera ameshika kalamu. Mbele yake wamesimama watatu, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Msiniambie wapeane zamu. Kupeana zamu ndiko kulikowaponza. Wala msiseme mama agome. Fomu isipojazwa leo, msaidizi anazimwa, na msimu ujao wakulima watarudi nyumbani na magunia yao.

Haya, kalamu hiyo. Wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?